Mmoja Kila Boma

Jumatatu, 11 Machi 1957

Mvua imeanza saa nane mchana, katikati ya kipindi changu. Bati likapiga kelele mpaka nikafundisha kwa chaki peke yake. Sawa tu, aljebra haihitaji mdomo. Nimewaandikia ubaoni: x mraba, toa jumla mara x, ongeza zao. Basi! Ukiambiwa namba mbili zikijumlishwa zinakuwa ngapi, na zikizidishwa zinakuwa ngapi, yaani zao lake, mlinganyo unao mkononi. Huna haja hata ya kuzijua namba zenyewe. Wasichana wa Darasa la Tisa wamenikodolea macho. Watazoea.

Daftari hili nimelianza kwa sababu ya Miss Pell, mkuu wetu wa shule. Leo asubuhi ameniambia kwamba hapa hajawahi kufundisha aljebra mwanamke, kwa hiyo muhula huu ni wa majaribio. Majaribio! Mimi, Batuli binti Mikidadi, niliyewaacha nyuma wanaume wote wa mwaka wangu chuoni! Nitaandika siku kwa siku, na masika yakiisha atanieleza mwenyewe nani alikuwa anajaribiwa.

Jumanne, 12 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Kitabu cha hesabu kimetungwa Uingereza. Kimejaa matofaa na treni, na jumla ya umri wa wajomba wawili wanaoishi London. Nani hapa ana mjomba London? Nimekaa mezani nikayaandika upya maswali yote. Matofaa yamekuwa machungwa, wajomba wamekuwa ng'ombe. "Mzee ana maboma mawili. Jumla ya ng'ombe wake ni 27, na idadi ya boma la juu ikizidishwa kwa idadi ya boma la chini ni 180. Tunga mlinganyo." Wengi wa wasichana hawa ni Waarusha wa upande huu wa machweo wa mlima. Ng'ombe wanawajua kuliko ninavyowajua mimi.

Ruth, mwalimu wa upishi na ushonaji ninayekaa naye chumba kimoja, amesoma maswali yangu akacheka. "Batuli, umepata wapi ng'ombe wewe, mtoto wa mjini?" Nikamwambia nimewapata kwenye akili. Ruth ni Mmeru wa Kikatiti, kwao wana ng'ombe, ana haki ya kucheka. Lakini mimi nimejipongeza.

Jumatano, 20 Machi

Jaribio la kwanza. Maswali kumi, alama kumi kila moja. Darasa limefanya vizuri, mlinganyo baada ya mlinganyo. Mmoja tu amenitia kichefuchefu: Sinyati binti Lomayani, yule mrefu anayekaa dirishani. Amepata manne, amekosa sita. Alama arubaini! Na aliyokosa si magumu. Kwenye 27 na 180 kaandika x mraba, toa 25x, ongeza 154. Ametoa wapi 25? Ametoa wapi 154? Hata sikuhangaika kutafuta. Kosa ni kosa, nimepiga mkasi mwekundu nikaendelea.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemwita Sinyati mbele ya meza yangu.

"Jumla umepewa, 27. Kwa nini umeandika 25?"

Akaendelea kutazama sakafu.

"Hukuona vizuri ubaoni?"

"Niliona, mwalimu."

"Basi andika sasa hivi lililo sahihi."

Akaitazama chaki kana kwamba nimempa nyoka. "Siwezi kuandika vingine, mwalimu."

Siwezi kuandika vingine! Mtoto wa miaka kumi na saba! Nimemfukuza darasani hadi kengele.

Jumatatu, 25 Machi

Jaribio la pili. Sinyati, arubaini tena. Maswali sita, makosa sita. Kwenye jumla ya 17 na zao la 72 kaandika 15 na 56.

Jumanne, 26 Machi

Nimetia sahihi. Fomu ya Miss Pell ya katikati ya muhula inasema: "Hafai kuendelea na aljebra, ahamishiwe ushonaji." Nimejaza jina la Sinyati kwa wino mweusi, nikaweka na tarehe. Aljebra ndiyo njia ya kwenda Darasa la Kumi na Moja. Asiye nayo anaishia la Kumi akarudi nyumbani. Najua. Lakini mwalimu asiyeweza kusema "hafai" hafai mwenyewe.

Ruth hakufurahi. "Huyo binti nimempa kitambaa apime, akakikata bila hata kutumia futi, na kikamkaa mtu sawasawa," akasema. Nikamwambia basi amefika panapomfaa.

Jumatatu, 1 Aprili

Ramadhani. Mvua usiku kucha, daku nimekula na meno yakigongana kwa baridi. Mlima hatuuoni siku ya nne.

Alhamisi, 4 Aprili

Sinyati amehamia ushonaji. Kiti cha dirishani kitupu. Kipindi kimekwenda upesi sana, sijui kwa nini sikukifurahia.

Jumatatu, 8 Aprili

Miss Pell anasema mzazi lazima aambiwe na mwalimu aliyetia sahihi, ana kwa ana. Kwa matope haya!

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nina mengi, na mkono unaniuma kabla sijaanza.

Tulitoka saa mbili asubuhi, mimi, Ruth na Sinyati mwenyewe. Sinyati alitangulia miguu mitupu akipita kwenye tope kama anapita sakafuni. Mimi nilianguka mara mbili. Ya pili nilikaa humohumo kwanza nikapumzika. Ruth alicheka mpaka akashika mti.

Baba yake, Mzee Lomayani, alikuwa kwenye baraza la kata. Tulipokewa na mama yake, Namelok, mwanamke mwenye sauti ya chini na Kiswahili cha kuchagua neno mojamoja. Akatuletea maziwa kwenye vibuyu. Nikamwambia nimefunga, akaelewa mara moja, akampa Ruth kibuyu changu pia, na Ruth hakukataa. Ng'ombe walikuwa bado zizini kwa sababu ya mvua. Wanono, wanang'aa, wengine mabaka meupe. Nikaona vibaya kuanza na habari mbaya. Mjini ukifika kwa mtu unasifu kwanza. Nikasema, "Mashallah, mama, ng'ombe wazuri hawa! Wako wangapi?"

Yarabi! Mkono wa Namelok ulisimama hewani. Aligeuka akamfukuza ndama ambaye hakuwa amefanya lolote. Ruth akanikanyaga mguu. Sinyati aliinamisha kichwa, nikaona masikio yake yanacheza.

Nikasema nililotumwa kwa haraka, kwamba binti amehamishiwa ushonaji. Namelok akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno moja tu: "Amekataa kusoma?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Sikuweza. Nikasema, "Hapana. Anakosea."

"Huyu?" akasema Namelok, akamtazama binti yake kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia mtoto wake amepotea njia ya kwenda kisimani.

Wakati wa kurudi, Sinyati alitangulia tena hadi mtoni. Nikamshika mkono.

"Nimemkosea nini mama yako?"

"Ng'ombe hawaulizwi idadi, mwalimu. Wala watoto. Mama anawajua kwa rangi na kwa sauti. Mmoja asiporudi, anajua."

"Na karani wa serikali akija kuwahesabu?"

"Baba anaacha mmoja kila boma. Huyo hatajwi, ni wa Engai." Ndivyo wanavyomwita Mungu. "Ukiwataja wote ni kama unawaita waje kuchukuliwa. Mwaka wa ugonjwa, karani aliwaandika wote. Tulibaki na wachache sana."

Nikasimama. Maji ya mto yalikuwa yanapita mekundu, na mimi nimesimama na viatu mkononi.

"Sinyati. Kwenye majaribio yangu..."

"Niliacha mmoja kila boma, mwalimu."

"Lakini ni ng'ombe wa karatasini! Wenzako wa Kiarusha mbona wameandika wote?"

"Wao baba zao hawawaulizi. Mimi nikirudi likizo baba ananiambia nimweleze kila nilichoandika. Sitamdanganya."

Nikafikiri nimembana. "Ili uache mmoja lazima kwanza ujue boma hili lina wangapi na lile lina wangapi. Kwa hiyo uliwahesabu!"

"Sikuwahesabu." Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Kwenye jumla nilitoa mbili. Kwenye zao nilitoa jumla, nikarudisha moja. Sikuchungulia ndani ya boma lolote."

Nikavuka mto nikiwa bado na viatu mkononi.

Jumapili, 14 Aprili

Nimeamka nikakaa na karatasi tangu alfajiri. 27 toa 2 ni 25. 180 toa 27 ni 153, rudisha moja, 154. Yule aliyechungulia ni mimi: kumi na wawili na kumi na watano. Acha mmoja kila boma, wanabaki kumi na mmoja na kumi na wanne. Jumla 25. Zao 154. Loo!

17 na 72: 15 na 56. Sawa. Nimeyapitia yote kumi na mawili, na yote ni ya ng'ombe; aliyopata ni ya machungwa. Hakuna hata moja lililokosewa.

Kisha nikaandika kwa herufi, nione kama ni bahati. Ukizidisha a toa moja kwa b toa moja, unapata zao, toa jumla, ongeza moja. Si bahati, ni kanuni. Ipo kwenye kitabu cha Darasa la Kumi na Moja, ukurasa ambao mimi nilifundishwa na mwalimu kwa siku tatu. Yeye ameipata mwenyewe, kwa sababu hakutaka kutaja ng'ombe.

Na mimi nikampiga mkasi mwekundu mara kumi na mbili.

Naona aibu. Naandika hivyohivyo: naona aibu.

Jumatatu, 15 Aprili

Ofisini kwa Miss Pell. Nimemwekea karatasi mezani, nimemweleza. Alisikiliza huku akinyoosha kalamu zake zilale sambamba.

"Umetia sahihi kwa wino, Batuli."

"Basi nilikosea kwa wino."

"Mkaguzi wa elimu analeta mtihani wake tarehe 23 Mei, na anausahihisha yeye," akasema. "Mrudishe darasani. Akipata sitini, atabaki. Asipofika, atarudi ushonaji, na aljebra nitampa Mwalimu Ndesanjo muhula ujao. Nadhani ni haki."

Ndesanjo anafundisha kilimo. Ni mtu mwema, ila hesabu anaipanda kama mahindi, kwa mstari, akingoja iote. Nikasema, "Ni haki kabisa, madam." Wallahi nilijibu kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Jumanne, 16 Aprili

Sinyati amerudi dirishani. Nimemwomba radhi mbele ya darasa lote. Akasema, "Hakuna neno, mwalimu," halafu akafungua daftari. Tumeanza.

Jumatatu, 22 Aprili

Pasaka ya akina Ruth. Mvua, na mkate mtamu nimeuweka hadi magharibi.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumegombana. Nimemwambia jambo jepesi: mtihanini akiona ng'ombe, afikirie machungwa. Akasema machungwa ni machungwa. Nikamwambia aandike tu, baba yake nitakwenda kumweleza mimi. Akasema, "Ni mimi nitakayekuwa nimewataja, mwalimu, si wewe."

Nikapandwa na hasira. "Unajua unajiponza? Unajua unaniponza na mimi?"

"Najua."

Jiometria yake ni dhaifu, hilo nalo najua. Mkaguzi akiweka swali la ng'ombe na yeye akalipoteza, hafiki sitini. Nimerudi chumbani nimeubamiza mlango. Ruth kaniambia mlango haujafanya kosa.

Jumatano, 1 Mei

Idi. Nimeshuka mjini kwa mama. Mama yangu Siwema amezaliwa Pangani, ana miaka thelathini hapa Arusha na bado analalamikia baridi. Pilau, ndugu, kelele. Akaingia jirani, katika maongezi akauliza, "Na huyu kaka yake Batuli, Omary, ana watoto wangapi sasa?"

Mama hakupepesa macho. "Wapo, alhamdulillahi. Wapo."

"Wangapi?"

"Wapo tu, mwenzangu. Karibu pilau."

Nimecheka mpaka nikaweka sahani chini. Mama akauliza nacheka nini. Nikamwuliza kwa nini hakusema wako watano. Akanifinya paja, kufinya kwelikweli, na bado pana alama. "Nyamaza! Watu wana vijicho! Umesoma mpaka umekuwa mjinga?"

Ndiyo, mama. Kidogo tu nilikuwa nimefika huko.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwambia Sinyati: "Sitakuomba tena uandike ambacho mkono wako unakataa. Tutatengeneza jiometria, na mengine andika unavyoweza." Akatabasamu. Sijawahi kuyaona meno yake kabla ya leo. Kisha akaniuliza swali: "Mwalimu, x ni nani hasa?" Nikamwambia x si mtu, ni nafasi tu, na ukitaka unaweza kuweka kitu kingine mahali pake. Akaliandika.

Jumatatu, 6 Mei

Pembetatu.

Jumanne, 7 Mei

Pembetatu. Mafuriko Sakina, gari la barua halikupita.

Jumatano, 15 Mei

Pembetatu, na sasa anazipenda. Mvua inapungua. Ndesanjo ameniuliza kwa adabu kama muhula ujao nitamwazima madaftari yangu. Nimemwambia kwa adabu hiyohiyo asubiri.

Alhamisi, 23 Mei

Nimefungua mwenyewe bahasha ya mkaguzi, mbele ya darasa, saa tatu kamili. Nimegawa karatasi. Kisha nikasoma yangu nikiwa nimesimama.

Swali la sita, alama ishirini na tano: "Mfugaji ana maboma mawili. Jumla ya ng'ombe ni 40, zao la idadi za maboma hayo ni 391. Tunga mlinganyo ambao majibu yake ni idadi ya ng'ombe katika kila boma."

Ala! Mkaguzi naye kaona atupe ng'ombe ili tufurahi! Nilitaka kumlaani, halafu nikakumbuka nani aliyetangulia kulifanya hilo.

Nimetembea kati ya madawati kwa saa mbili na nusu. Msimamizi haruhusiwi kusema, na sikusema. Sinyati alianza na pembetatu. Saa nne na nusu akafika la sita. Nilimwona akiweka kalamu chini. Akatazama dirishani, mlima ulikuwa umefunguka mweupe juu, kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Akanitazama mimi. Nikamtazama. Ningeweza kutikisa kichwa tu kidogo, na angeelewa ninachomwomba. Nimegeuka nikaufuta ubao, ambao ulikuwa safi.

Nilipogeuka tena alikuwa anaandika, na aliandika kwa muda mrefu. Kwa swali la mstari mmoja, aliandika nusu ukurasa.

Nilipokusanya karatasi nimezipanga uso chini, nikafunga bahasha bila kutazama. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya muhula huu, na hakuna atakayenipongeza.

Ijumaa, 24 Mei

Sijamwuliza. Hajaniambia.

Jumamosi, 1 Juni

Jua. Ruth ameanika magodoro yote.

Ijumaa, 7 Juni

Miss Pell ameniita kabla ya chai. Karatasi zimerudi. Sinyati: themanini na moja. Wa pili darasani.

Nikaomba kuona la sita. Ameandika hivi, kwa Kiingereza chake cha kunyooka: "Nikiacha mmoja kila boma: x mraba, toa 38x, ongeza 352. Mtahini anawahitaji wote. Basi mahali pa x naweka x toa moja." Chini yake amefungua mabano hatua kwa hatua, hakuruka hata moja, mpaka mstari wa mwisho: x mraba, toa 40x, ongeza 391. Alama ishirini na tano kati ya ishirini na tano.

Nikatoka mbio, nikamkuta Sinyati uwanjani anafua. Nikamwuliza, "Sasa baba yako utamwambiaje? Mwishoni si wametajwa wote?"

Akakamua shuka, akafikiri. "Jumla alishaiandika mkaguzi, mwalimu, ni juu yake. Mimi niliwaacha wawili wangu. Waliorudi wamerudishwa na x."

Nikamkumbatia na mapovu yake yote.

Nikarudi ofisini, kwani mkaguzi ameambatisha fomu. Anataka kujua ni mwalimu gani aliyemfundisha binti huyu kuhamisha majibu ya mlinganyo, maana hilo halimo katika mafunzo ya Darasa la Tisa, na angependa jina la mwalimu huyo liingie kwenye ripoti yake. Miss Pell akanisogezea fomu na kalamu. "Hongera, Batuli. Ndesanjo atabaki na mahindi yake. Jaza jina lako."

Nafasi ilikuwa tupu, na jina langu lingeenea vizuri. Nalipenda jina langu, sifichi. Nikachovya kalamu, nikaandika: "Amejifundisha mwenyewe. Mwalimu wake alimkata alama mia moja na ishirini kwa ajili ya jambo hilihili."

Miss Pell akasoma juu ya bega langu. "Huu ni wino, Batuli," akasema.

"Najua, madam," nikasema, nikatia sahihi.